Safari ya Nyambizi B11 Katika Mlango wa Dardanelles

(Maandishi ya mazungumzo kwa wakazi)



Mada ya leo ni chombo kimoja cha chuma kilichozeeka kabla ya wakati wake, kikapelekwa kazi ambayo hakikuundwa kuifanya. Chombo hicho ni nyambizi ya Uingereza iliyoitwa B11. Haikupewa jina la kupendeza, ilipewa herufi na nambari tu. Iliundwa na kampuni ya Vickers huko Barrow na kushushwa majini mwaka wa 1906.

Nyambizi za wakati huo zilikuwa za kulinda pwani. Zilitoka bandarini, zikavizia karibu na nchi kavu, zikarudi. Urefu wa B11 ulikuwa mita 43 hivi, sawa na mabasi makubwa manne yaliyopangwa mstari mmoja. Ndani waliishi watu wapatao 15, wakibanana na mitambo, betri na topido. Hapakuwa na vyumba vya kulala.

Juu ya maji ilisukumwa na injini ya petroli, na chini ya maji ikatumia umeme wa betri. Hiyo petroli ndiyo iliyokuwa hatari ya kila siku. Mvuke wake ukikusanyika mahali pasipo na hewa, cheche moja inatosha. Mwaka wa 1905 nyambizi A5, ya aina iliyotangulia, ililipuka hivyo huko Ireland na kuua watu 6. Mwaka wa 1912 nyambizi B2, ndugu wa B11, iligongwa na meli ya abiria karibu na Dover. Watu 15 walizama nayo na mmoja tu akaokoka. Kwa hiyo wanaume walioingia katika vyombo hivi walikuwa wanajua wanakoingia, hata kabla ya adui kutajwa.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza mwaka wa 1914, B11 na wenzake wawili, B9 na B10, walikuwa Malta. Baadaye Uturuki ilipoingia vitani upande wa Ujerumani, Waingereza na Wafaransa walilinda mdomo wa mlango wa bahari wa Dardanelles, njia nyembamba iendayo Istanbul. Ndani ya mlango huo palitegwa safu tano za mabomu ya majini. Meli ya juu isingepita. Swali likawa, je, ya chini itapita?

B11 ilichaguliwa kwa sababu ya kawaida kabisa: betri zake zilikuwa mpya zaidi kuliko za wenzake. Nahodha wake alikuwa Luteni Norman Holbrook. Mafundi walifunga vyuma vya kukinga mapezi yake ili nyaya za mabomu zisinase humo.

Wavuvi waliomo humu wataelewa haraka ugumu uliofuata. Maji ya juu ya Dardanelles hutiririka kwa nguvu kutoka Bahari ya Marmara kuelekea nje, na chini yake yako maji mazito zaidi, yenye chumvi nyingi, yanayokwenda upande wa pili. Chombo kinachoenda taratibu kikikutana na maji ya namna hiyo, hakitulii. Na B11 ilikuwa ikisukumwa na betri, zisizoweza kuchajiwa ikiwa chini.

Siku ya Jumapili, tarehe 13 Desemba 1914, iliingia alfajiri. Njiani kile chuma cha kukinga kilipinda, ikabidi ipande juu mabaharia wakiondoe huku wakihofia kuonekana. Ikazama tena, ikapita chini ya safu zote tano. Holbrook alipoinua darubini yake ya kuchungulia, karibu na adhuhuri, aliona manowari kubwa imetia nanga. Ilikuwa Mesudiye.

Mesudiye ilikuwa na zaidi ya tani 9,000, na B11 haikufika 300. Tena, manowari hiyo ya Waturuki ilikuwa imeundwa London miaka 40 kabla, kando ya mto Thames. B11 ilifyatua topido moja. Mabaharia wa Mesudiye waliwahi kupiga mizinga kuelekea darubini ile, na dakika chache baadaye meli yao ikapinduka. Walikufa watu 37. Wengi waliokolewa kwa kuwa maji hayakuwa na kina, wengine kwa kutobolewa matundu katika tumbo la meli lililobaki juu. Habari za ushindi za wakati ule ziliwataja watu hao kwa haraka sana.

Kurudi kulikuwa kugumu zaidi kuliko kwenda. Vioo vya dira viliingia ukungu, haisomeki. Nyambizi ikakwama kwenye kina kifupi, mnara wake ukawa wazi, na mizinga ya nchi kavu ikaanza kuilenga. Ilijiburuta kwa nguvu zote za betri hadi ikapata kina. Ilipoibuka nje ya mlango ilikuwa imekaa chini ya maji muda wa saa tisa hivi, na hewa iliyobaki ndani ilikuwa nzito mno.

Holbrook alipewa Msalaba wa Victoria, wa kwanza kwa baharia wa nyambizi, na kila mtu aliyekuwa ndani alipata nishani. Hilo la mwisho ni la haki, maana katika nyambizi mmoja akikosea wanazama wote.

 Mwaka wa 1915 kazi ya kupenya mlango ilipewa nyambizi mpya na kubwa zaidi. B11 ilipelekwa Venice, ambako B10 ilizamishwa kwa bomu la ndege mwaka wa 1916. Mwaka wa 1917 B11 ilibadilishwa ikawa mashua ya doria ya juu ya maji, na mwaka wa 1919 ikauzwa Italia.

Mji wa Germanton huko Australia, ulio mbali na bahari, ulibadilisha jina mwaka wa 1915 ukaitwa Holbrook. Nao Waturuki waliopoa mizinga ya Mesudiye kutoka majini, wakaisimika nchi kavu kulinda mlango uleule.