Mabomba ya Hewa katika Godauni



Leo sisemi habari ya mishahara. Nasema habari ya yale mabomba ya bati yapitishayo hewa juu ya vichwa vyetu godauni. Vumbi la mahindi na ngano hujaa ndani yake mpaka hewa haipiti, nasi tulio chini twakohoa mchana kutwa. Tena vumbi la nafaka likitimka kwa wingi, cheche moja yatosha kulipua jengo zima.

Basi lazima yasafishwe. Lakini nyapara hupenda kumpa kijana ngazi na ufagio huku malori yapakiwa na feni yazunguka. Hapana! Kwanza kazi isimame sehemu ile. Feni izimwe, swichi itiwe kufuli, na ufunguo akae nao yule apandaye juu. Vumbi lifyonzwe kwa mashine iliyotengenezwa kwa vumbi la namna hiyo. Kulipuliza kwa kompresa ni kulitimua tu, tulivute sisi. Naye apewe barakoa ya kazi, si kitambaa.

Tajiri atasema meli inangoja. Mbona meli ya ngano hungoja mvua ipite?

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yasema mfanyakazi akiona hatari kubwa amwarifu msimamizi wake, na tajiri asimrudishe mahali pale kabla hatari haijaondolewa. Tena penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Je, godauni lenu linayo? Kama haipo, mwambieni katibu wa tawi kabla ya mkutano ujao.