Uhuru wa Mvuta Sigara na Haki ya Asiyeweza Kuondoka

(Hotuba iliyosomwa na mwanafunzi wa zamani katika mkutano wa mwaka wa chama chetu, mjini Shinyanga.)



Katibu wa chama aliponiandikia aliniomba nizungumze juu ya sheria na uhuru wa raia. Niliona kwamba mada hiyo ni kubwa mno kwa nusu saa, na kwamba njaa ya chakula cha mchana haingeniacha niimalize. Kwa hiyo nimechukua kipande kimoja tu: sheria inayokataza kuvuta sigara mahali pa watu wengi. Tena nawaambia mapema kwamba mimi mwenyewe ni mvutaji, msije mkadhani anayesema hapa ni mtu asiyejua utamu wa kitu anachotaka kiwekewe mipaka.

Sheria yenyewe si ngeni. Bunge letu lilipitisha Sheria ya Kudhibiti Bidhaa za Tumbaku mwaka 2003. Mwaka 2007 nchi yetu ikaridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani juu ya udhibiti wa tumbaku. Kwa sheria hiyo ni kosa kuvuta sigara hospitalini, shuleni, katika vyombo vya usafiri wa umma na mahali pengine panapokusanya watu, isipokuwa pale palipotengwa kwa ajili ya wavutaji. Ni kosa pia kumwuzia sigara mtoto aliye chini ya miaka 18. Jirani zetu wa Kenya walitunga sheria yao mwaka 2007, na Uganda mwaka 2015.

Basi swali ni hili: je, sheria ya namna hii inampokonya mtu uhuru wake?

Nilifanya kazi upande wa Geita kwa miaka kadhaa, na huko nilisikia hoja zote za wanaosema kwamba inampokonya. Nitazitaja tatu, kwa sababu hazikuwa hoja za wajinga.

Hoja ya kwanza ni ya wazee. Husema, babu zetu walivuta kiko na kunusa ugoro wakiota moto shikomeni, wakaishi mpaka wakaona vitukuu; leo mnatuletea sheria za wageni. Hoja ya pili ni ya wenye kujua uchumi. Husema, wakulima wa Kahama, Urambo na Tabora wanasomesha watoto kwa tumbaku, na Serikali inakula kodi ya sigara. Inakuwaje mkono mmoja upokee na mkono wa pili upige? Hoja ya tatu nilipewa na mchimbaji mmoja mdogo kule Nyarugusu. Alikuwa ametoka shimoni, vumbi limemjaa hata kwenye kope, akawasha sigara kabla hajanywa maji. Nilipoanza maneno yangu ya ofisini alinikata. Akasema, "Mkubwa, mimi nashuka chini ya mwamba kila siku, na unaweza kuniangukia. Roho yangu nimekwisha kuiweka rehani mwenyewe. Leo wewe unakuja kuniokoa na sigara?"

Ndugu Mwenyekiti, nilinyamaza. Na mpaka leo naamini kwamba kwa habari ya roho yake mwenyewe alikuwa na haki ya kunijibu hivyo.

Lakini mchimbaji yule hakuwa peke yake shimoni. Wale wanaoyajua maduara wanafahamu jinsi kulivyo huko chini: njia nyembamba, matimba pande zote, hewa ya kuombea. Vumbi la mwamba huo lina silika, nalo huharibu mapafu ya mchimbaji na kumfungulia mlango kifua kikuu. Juu ya vumbi hilo, mmoja akiwasha sigara, moshi hauna pa kwenda ila vifuani mwa wenzake. Na yule kijana anayejaza mawe kwenye viroba hawezi kusema, "Nasogea kando." Hana kando. Akipanda juu kabla ya zamu kwisha, hana mgawo.

Hapo ndipo ninapoliona jambo lote. Sisi wavutaji tunapenda kuuliza, "Je, mimi sina uhuru wa kuvuta?" Swali linalotangulia ni hili: "Aliye karibu nami ana uhuru wa kuondoka?" Kama anao, mimi na yeye tunaweza kupatana kama watu wazima. Kama hana, mimi sijatumia uhuru wangu, nimemtawala mwenzangu.

Na wasioweza kuondoka ni wengi kuliko tunavyofikiri. Mtoto ndani ya basi la kutoka Kahama hawezi kushuka Isaka kwa sababu ya moshi. Mgonjwa wodini haondoki. Msichana anayehudumia vinywaji kilabuni hatoki mpaka mteja wa mwisho aondoke, na mteja wa mwisho ndiye mwenye sigara nyingi. Nchi ya Ireland, iliyotangulia nchi nyingine zote kupiga marufuku sigara katika sehemu za kazi pamoja na vilabu vya pombe, mwezi wa Machi 2004, ilitumia hoja hii hasa: mteja amekuja kwa hiari yake, lakini mhudumu yuko kazini.

Nasema haya kwa sababu nami nimewahi kutawala watu namna hiyo, mara mbili.

Mara ya kwanza ilikuwa hapa hapa. Ninyi mliokuwa nami kati ya mwaka 1995 na 1998 mnajua tulivyokuwa tukivuta nyuma ya bwalo, na viboko tulivyokula kwa ajili hiyo. Tulijiona mashujaa wa uhuru. Lakini usiku wa mvua hatukutoka nje. Tulivuta ndani ya bweni, dirisha likiwa limefungwa ili mwalimu wa zamu asisikie harufu. Kitanda cha tatu kutoka kwangu alilala mwenzetu mwenye pumu. Kengele ya kulala ikishalia, kutoka bwenini ni kosa, na kutusemea kwa mwalimu lilikuwa kosa kubwa zaidi kwetu sisi. Kwa hiyo alijifunika blanketi gubigubi akakohoa humo ndani, nasi tukamcheka kwamba anakohoa kama injini ya treni. Sisi tuliokuwa tukivunja sheria tulikuwa huru. Yeye aliyeifuata hakuwa na pa kupumulia.

Mara ya pili nilikuwa mtu mzima, mwenye shahada ya Chuo Kikuu na meza yenye funguo. Ilikuwa mwaka 2011, katika ofisi moja ya umma. Ukutani palikuwa na tangazo lililosema kwamba hairuhusiwi kuvuta sigara, na mezani, chini ya tangazo hilo, palikuwa na kisahani changu cha majivu. Sheria ilikuwa na umri wa miaka minane, nami ndiye niliyetakiwa kuwaeleza wananchi habari za sheria! Katibu muhtasi wangu alikuwa mjamzito. Asubuhi moja nikakuta mafaili yamepangwa juu ya kiti, nje ya mlango. Nikamwuliza, "Mama, mbona mafaili yako nje?" Akainama, akasema, "Mzee, naomba unisamehe. Nitakuwa nayaweka hapo mpaka nijifungue."

Nilikuwa na miaka thelathini na mmoja, naye alinizidi umri, lakini aliniita mzee. Angewezaje kuniambia nizime? Barua yake ya likizo ilikuwa inasubiri sahihi yangu.

Ndugu zangu, siku ile nilielewa kwa nini mambo haya hayawezi kuachiwa adabu peke yake. Watu husema, "Anayeudhika aseme, tutazima." Maneno mazuri, lakini mdogo hasemi mbele ya mkubwa wake, mhudumu hasemi mbele ya mteja, na mtoto hasemi mbele ya baba. Sheria ipo ili iseme kwa niaba yao.

Wala hili si jambo geni kwa mila zetu. Kila mtu wa Shinyanga anajua ngitili. Mvua zikinyesha, eneo la malisho linafungwa. Kiangazi kikifika, linafunguliwa. Mtu ana ng'ombe wake na uhuru wa kuwachunga, lakini akiwaingiza ngitilini kabla ya wakati atatozwa faini, na hakuna atakayemwonea huruma kwamba amenyimwa uhuru. Ulipoanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga mwaka 1986, nchi hii ikiwa imeanza kuwa jangwa, ni desturi hiyo hiyo iliyosaidia kurudisha miti. Mababu waliotuachia kiko ndio waliotuachia ngitili. Tusichague urithi mmoja tukauficha wa pili.

Katiba yetu nayo inasema hivyo hivyo. Haki za raia ziliingizwa katika Katiba mwaka 1984, na ibara ya 30 inaeleza kwamba haki na uhuru wa mtu mmoja havitatumiwa kwa namna ya kuingilia haki na uhuru wa wengine. Kule Uganda wananchi walilipeleka swali hili mahakamani, na mwaka 2002 Mahakama Kuu iliamua kwamba kuvuta sigara mahali pa watu wote kunavunja haki ya wasiovuta ya kuishi na ya kuwa na mazingira safi. Uamuzi huo ulikuwa na msingi wa kitaalamu. Mwaka 1981 Takeshi Hirayama wa Japani alikwisha kuonyesha kwamba wake wasiovuta, walioolewa na wavutaji wakubwa, walipata saratani ya mapafu zaidi ya wake wengine. Leo Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba tumbaku inaua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka, na zaidi ya milioni 1 kati yao hawakuvuta wao wenyewe.

Na mkulima wa Kahama je? Sehemu kubwa ya tumbaku yetu huuzwa nje. Mimi nikitoka nje ya ofisi kuvuta sigara yangu, sijamnyang'anya mkulima jembe lake. Kama tunataka kumsaidia apate zao jingine, hilo ni jambo la kupangwa kwa miaka, kwa uangalifu, pamoja naye. Tusimtumie kama ngao ya uvivu wetu wa kusimama na kwenda uani.

Lakini nami niwe mkweli kwa upande wa pili. Sheria hii ikome inapostahili kukoma. Mzee aliyekaa peke yake shambani kwake na kiko chake aachwe. Mgambo asiigeuze sheria kuwa kichaka cha kuombea rushwa, wala kumvua mtu heshima mbele ya wanawe. Sheria ya kulinda wanyonge ikitumiwa kuwaonea wanyonge, watu wataichukia, na watakuwa na sababu.

Sasa ninyi vijana. Nimesema mimi ni mvutaji. Nimejaribu kuacha mara tatu. Mara ya tatu nilifika miezi minne, nikarudi. Mimi ninayewahutubia juu ya uhuru huamka alfajiri nikipapasa mezani kutafuta kiberiti kabla sijamsalimu mke wangu. Niliwasha ya kwanza nyuma ya bwalo lile ili nionekane kwamba hakuna anayeniamuru. Tangu siku ile ninaamriwa. Sitawaambia zaidi ya hapo, mna macho.

Ndugu Mwenyekiti, nina maombi mawili, kisha nikae. La kwanza, chama chetu kiamue kwamba katika mikutano yetu yote, pamoja na karamu ya jioni ya leo, hakuna sigara ndani ya ukumbi. Wavutaji tuwekewe benchi chini ya mwarobaini ule, mbali na madirisha, nami nitakuwa wa kwanza kwenda kukaa hapo. La pili, Mwalimu Mkuu akubali kwamba mwanafunzi mwenye pumu anayetaka kubadilishiwa bweni asilazimishwe kumtaja mtu yeyote. Apewe kitanda kingine, basi.

Yule mwenzetu wa kitanda cha tatu yumo humu ukumbini. Asubuhi nilimfuata nikamwomba radhi. Alinitazama kidogo, akasema, "Nilidhani umekwisha kusahau." Nikamwambia sikusahau. Kisha tukaenda kunywa chai.