Kadi ya Matibabu Baada ya Kustaafu



Mzee anapostaafu tunamwuliza kiinua mgongo, hatumwulizi kadi yake ya matibabu. Mwalimu wa serikali aliyechangia Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioanza kazi 2001, huendelea kutibiwa yeye na mwenza wake, akitimiza masharti. Jirani yake wa mgodini, aliyekatiwa bima ya kampuni binafsi na mwajiri, kadi yake hukoma pamoja na ajira. Na ajira ya dhahabu tunaijua. Buzwagi ilifikia mwisho 2021.

Akitaka kujikatia mwenyewe akiwa na miaka 60, bei hupanda na umri, na kampuni nyingine hazimpokei kabisa. Basi aulize kabla ya kutia sahihi: mwisho wa umri wa kujiunga ni upi? Kisukari alichonacho tayari kitalipiwa, na baada ya miezi mingapi? Hospitali zipi za huku zinaipokea? Kadi inayokubalika Dar es Salaam tu haimsaidii mtu wa Geita aliyepandwa na presha usiku.

Tunaomba kila usharika ulete majina ya walio kazini wenye miaka 55 na zaidi. Tuanze na wainjilisti wetu, maana wengi wao hatujawakatia bima yoyote.