Mlima Ulitufundisha Kushuka

(Hotuba ya kikundi chetu cha wapanda mlima katika mkutano wa mwaka wa wafanyakazi wa kujitolea)

Tunataka kuwaeleza yaliyotupata Mlima Kilimanjaro mwezi wa nane mwaka jana. Mlitutuma kumi, na kumi tumerudi. Wengi wenu mmetuuliza ni wangapi tuliofika kileleni. Tutajibu, lakini tunaomba kwanza msikilize habari yenyewe.

Mnakumbuka kwamba safari ile haikuwa matembezi tu. Wahisani waliahidi kutoa fedha za pampu ya kisima kwa kila mpandaji atakayefika kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo tulipanda huku tukihesabu ndoo za maji.

Tulipita njia ya Marangu kwa siku sita. Usiku wa kwanza tulilala Mandara, msituni. Kesho yake tulifika Horombo, mita 3,720, tukakaa hapo siku moja zaidi ili miili izoee hewa. Wapagazi walitupita wakiwa na mizigo ya hadi kilo 20, wakituambia, "Pole pole, jamani." Sisi tulicheka, maana tulikuwa tumefanya mazoezi miezi minne. Kijana mmoja kati yetu, mwenye nguvu kuliko wote, ndiye aliyekuwa akitukimbiza, na mlimani alikuwa wa kwanza kufika kila kituo. Tulimwita injini yetu. Kumbe tangu tulipofika Kibo kichwa kilikuwa kikimgonga, na chakula hakikukaa tumboni. Hakumwambia mtu.

Tuliondoka Kibo karibu saa sita usiku, tochi vichwani. Njia ile ni ya changarawe. Unapanda hatua moja, unateleza nusu. Maji yaliganda kwenye chupa. Na kadiri mtu anavyopanda hewa inazidi kuwa nyepesi, hata kileleni oksijeni anayoipata kwa kila pumzi ni kama nusu ya ile ya pwani.

Tulipokuwa tumepita pango linaloitwa kwa jina la Hans Meyer, Mjerumani aliyefika kileleni mwaka 1889, tulimwona kijana wetu akiyumba kama mlevi. Hapa tunakiri kosa letu. Tulimwambia, "Jikaze, kaka, kijiji kinakusubiri."

Kiongozi wa msafara hakusema hivyo. Alimwambia atembee kwenye mstari ulionyooka, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine. Hakuweza. Kiongozi akasema, "Huyu anashuka sasa hivi, si baada ya kupumzika." Alitueleza kwamba ugonjwa wa mwinuko ukifika kwenye ubongo au mapafu unaweza kuua kwa muda wa saa chache, na kwamba tiba ya kwanza ni kushuka.

Kijana alilia akiomba aachwe afike Gilman tu. Msaidizi wa kiongozi alikuwa tayari kumshusha, akahitaji mmoja wetu wa kumshika upande wa pili. Tukanyamaza. Kimya kile kilikuwa kirefu kuliko tunavyopenda kukumbuka. Mwishowe mama mmoja, mkubwa kwetu sote na ambaye bado alikuwa na nguvu za kufika, akasema, "Nitashuka naye mimi. Mlima hauhami."

Saba tulifika Uhuru asubuhi ile. Mmoja aliishia Gilman. Wawili walishuka, na kijana alipofika chini Horombo akaanza kupata nafuu. Hilo ndilo jibu la swali lenu.

Tuliporudi, tulijaribiwa tena. Katika picha ya kileleni tumejifunika kofia na mitandio hata nyuso hazijulikani, na kiongozi wetu na wasaidizi wake wamo. Mmoja wetu alisema tungeweza kuandika kumi, na nani angejua? Tuliandika saba. Wahisani wengine walilipa zote. Wengine walilipa za saba tu, na walikuwa na haki. Pampu ilichelewa miezi mitano. Miezi ile yote akina mama waliendelea kuchota maji mtoni, nasi tuliwaendea tukawaeleza sababu. Mmoja wao alituuliza, "Na yule kijana, yu mzima?" Tulipomwambia ndiyo, akasema basi twende tukachimbe.

Ndugu zetu, tulidhani tumekwenda mlimani kujifunza kuvumilia. Kuvumilia tulikujua tayari. Tusichokijua ni kusema, "Nimechoka, nisaidieni," wala kumsikia mwenzetu anaposhindwa kusema. Yule kijana alificha maumivu yake kwa sababu sisi tulimsifu kwa nguvu tu. Je, katika vituo vyetu hakuna wanaoitwa injini, ambao hakuna anayewauliza hali zao?

Tangu safari ile, kila Jumatatu kabla ya kugawana kazi tunaulizana nani ameelemewa. Mwanzoni hakuna aliyejibu. Wa kwanza kujibu alikuwa yule kijana.

Wazee walisema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Sasa tunajua maana yake.