Mzazi Anapopigwa na Mwanawe: Sheria Yasemaje, Nasi Tufanyeje?

Hotuba ya ofisi ya uhusiano wa polisi na jamii kwa wakazi wa Atlabara, Juba



Mara nyingi tukutanapo huzungumzia wizi wa usiku au silaha zilizofichwa majumbani. Leo tumekuja na jambo ambalo hakuna aliyetuomba tulizungumze, kwa kuwa wanaolibeba huona haya kulitamka. Tunazungumzia wazazi wanaopigwa, wanaotishwa na kunyang'anywa mali na watoto wao wenyewe walio chini ya umri wa miaka 18.

Tuanze na kisa, bila jina la mtu wala la mahali. Mama mmoja, muuza chai, alifika katika kituo cha polisi alfajiri, mkono wake umefungwa kwa kipande cha kitenge. Mwanawe wa miaka 15 alikuwa amemvunja kidole akimpokonya pesa za mauzo. Haikuwa mara ya kwanza. Askari wa zamu alimsikiliza, akatabasamu, akamwambia, "Mama, huyu ni mtoto wako. Rudi nyumbani, mwambie baba yake." Baba yake alikuwa amekwisha kufa. Mama akarudi nyumbani. Siku chache baadaye kijana alimpiga tena, safari hii kichwani. Majirani wakamkamata, wakamfunga kamba, wakamchapa mpaka akazimia. Tulipofika tulikuta majeruhi wawili badala ya mmoja, nao wote wawili walikuwa wa nyumba moja.

Wote wawili walipona. Lakini tunakiri mbele yenu kwamba kosa la kwanza katika kisa hicho, baada ya lile la kijana, lilikuwa letu. Mama yule alibisha mlango wa sheria akajibiwa kwa mzaha. Hotuba hii ni sehemu ya kulipa deni hilo.

Ndugu wananchi, jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba mzazi ni mtu mbele ya sheria. Sheria ya Adhabu ya mwaka 2008 inakataza kumjeruhi mtu, kumtisha, kumwibia na kumharibia mali. Haikuandika popote kwamba makatazo hayo hukoma iwapo aliyetenda ametoka katika tumbo la aliyetendewa. Kwa hiyo, askari akikwambia kwamba hayo ni mambo ya nyumbani, amekukosea, nawe una haki ya kuomba kumwona mkuu wake.

Jambo la pili ni kwamba mtoto naye ni mtu mbele ya sheria, na ana sheria yake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2008 inamtambua mtoto kuwa ni yeyote aliye chini ya miaka 18, na inasema kwamba aliye chini ya miaka 12 hawezi kushtakiwa kwa kosa la jinai. Akipindukia umri huo anaweza kuwajibishwa, lakini si kama mtu mzima. Kifungo ni njia ya mwisho kabisa, na kikiwapo kiwe cha muda mfupi kadiri inavyowezekana. Mtoto hachanganywi na wafungwa wazima. Kisha Katiba ya Mpito ya mwaka 2011, katika Ibara ya 17, inamkinga mtoto dhidi ya adhabu ya viboko, hata ikitolewa na wazazi au shule.

Tunajua kwamba hapa baadhi yenu mtanung'unika. Wazazi wengi hutujia wakisema, "Mchukueni siku mbili, mchapeni vizuri, kisha mnirudishie." Tunalielewa ombi hilo, lakini hatuwezi kulitimiza. Si kwa sababu ya maandishi peke yake. Kijana anayempiga mamaye amekwisha kujifunza kwamba mwenye nguvu ndiye mwenye haki. Tukimchapa tutakuwa tumemthibitishia somo hilo, naye atalirudisha nyumbani kule kule alikolitoa.

Kwa kuwa wengi wenu mna jamaa ng'ambo ya mipaka, ni vyema mjue hali ilivyo kwa majirani. Uganda na Kenya nazo zimeweka miaka 12 kuwa umri wa chini wa kuwajibika kijinai. Kenya ilifanya hivyo kwa Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, kwani kabla ya hapo ulikuwa miaka 8. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwa sheria yake ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009, imeweka miaka 14. Nchini Uganda, shauri la mtoto aliyepiga, aliyeiba au aliyeharibu mali linaweza kuanza kwenye mahakama ya baraza la kijiji, nayo inaweza kuamuru upatanisho, fidia, kuomba radhi, au kumweka mtoto chini ya mwelekezi kwa muda usiozidi miezi 6. Tunayasema haya kwa sababu wapo wazazi wanaodhani kwamba kumvusha mtoto mpaka wa Nimule au Kaya ni kuimaliza kesi. Kumvusha ni kulihamisha tatizo, na mara nyingi ni kumtwika bibi mzee mzigo uliomshinda mama mwenye nguvu.

Sasa tufike kwenye ugumu wenyewe. Katika kesi nyingine mlalamikaji na mshtakiwa ni watu wawili wenye nyumba mbili. Katika kesi hii mzazi amekaa kwenye viti viwili: yeye ndiye aliyepigwa, na yeye ndiye mlezi anayepaswa kuwa kando ya mtoto anapohojiwa. Hawezi kukaa kwenye vyote viwili kwa wakati mmoja. Ndiyo maana tunamtafuta mtu mzima mwingine, awe mjomba, shangazi au ofisa wa ustawi wa jamii, asimame na mtoto, ili mzazi apate kusema yaliyompata bila hofu.

Hatua ni hizi. Ukipigwa, kwanza ondoka mahali penye hatari pamoja na watoto wadogo. Jirani akupokee bila maswali mengi. Pili, njoo kituoni na uombe kitengo cha ulinzi maalumu, ambacho kazi yake ni mashauri ya wanawake, watoto na wanyonge. Utapewa Fomu Namba 8, ambayo daktari ataandika ndani yake majeraha aliyoyaona. Damu ikiwa inatoka, tangulia hospitali, fomu itakufuata. Tatu, lete cheti cha kuzaliwa cha mtoto kama kipo, au cha ubatizo, au karatasi ya kliniki. Umri ndio unaoamua njia yote inayofuata.

Baada ya hapo tunamsikiliza mtoto. Hatumhoji ili kumtafutia udhuru, ila ni lazima tujue. Wapo watoto walioinua mkono kwa kuwa walikuwa wakimkinga mama dhidi ya mume mlevi. Wapo waliopigwa miaka mingi kabla ya kupiga. Wapo pia waliosingiziwa na baba wa kambo anayetaka chumba kiwe tupu. Na wapo, tusifichane, waliopiga kwa sababu walitaka pesa za bangi, basi. Kila mmoja ana njia yake.

Kosa likiwa dogo na mtoto akikiri, sheria inaruhusu kumwepusha na mahakama: huonywa, huomba radhi mbele ya jamaa, hulipa kwa kazi, naye husimamiwa na ofisa wa ustawi wa jamii. Kosa likiwa kubwa, huenda mahakamani. Hapa Juba, tangu mwishoni mwa mwaka 2020, ipo mahakama maalumu inayosikiliza mashauri ya ukatili wa kijinsia na ya watoto.

Waheshimiwa masultani, nafasi yenu ni kubwa, lakini ina mpaka. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 2009 imezipa mahakama za kimila mamlaka juu ya mila na desturi. Kesi ya jinai haziipokei isipokuwa imeletwa kwenu na mahakama ya serikali. Ugomvi wa maneno, utoro, na utovu wa adabu, suluhisheni. Mfupa ukivunjika, leteni kwetu, kisha tutawahitaji tena siku ya kupatanisha.

Tusimalize bila kutazama mizizi. Vita vya 2013 na 2016 vilizitawanya nyumba zetu. Wako watoto waliokulia Bidibidi, Adjumani au Kakuma, mama akabaki Juba akitafuta riziki. Mtoto aliondoka akiwa na miaka 6, amerudi akiwa na 14. Anaishi na mama asiyemjua, chini ya amri asizozizoea, na mtaani kuna kundi linalompokea siku ya kwanza. Hayo hayahalalishi ngumi. Yanatufundisha tu kwamba kijana huyo anahitaji mtu mzima wa kumwangalia kabla hajahitaji askari.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Tunawaomba mambo matatu. Mzazi, usisubiri pigo la pili ndipo useme la kwanza. Jirani, ukimkamata mtoto aliyepiga, mshike, usimchape. Akiumia mikononi mwako, nawe utajibu. Kijana, ikiwa hasira inakushinda, njoo kwetu, au kwa mwalimu, au kwa mzee yeyote unayemwamini, kabla mkono haujainuka. Hakuna atakayekufunga kwa kuomba msaada.

Nasi tunaahidi moja. Mama akija kituoni alfajiri na mkono uliofungwa kitenge, atapewa kiti, ataandikiwa, na hatacheka mtu.

Amani ikae katika nyumba zenu.