Bili ya Pili kwa Ugonjwa Uleule

Kuna jibu ambalo wenye magari hapa Kenya wamelisikia mpaka wamelizoea. Umelirudisha gari gereji, wiki haijaisha tangu ulitoe. Taa ya injini imewaka tena, palepale, kwa rangi ileile ya chungwa. Kijana wa mapokezi anatazama kompyuta yake, anatazama gari, kisha anakuambia kwa upole: "Mkubwa, ile tulitengeneza. Hii ni shida nyingine."

Jibu hilo ni ghali. Ukilipokea bila kuhoji, inafunguliwa karatasi mpya ya kazi, inaandikwa bili mpya, na pesa ulizolipa mwanzo zimekwenda na maji. Msimamo wangu leo ni huu: gari likirudi na dalili zilezile, ni juu ya gereji kuonyesha kwamba ugonjwa ni mwingine. Si juu yako wewe mwenye gari kuthibitisha kwamba ni uleule. Na kuonyesha si kusema tu. Ni kutoa maandishi yanayoeleza chanzo kilikuwa nini, kilipimwa vipi, na baada ya matengenezo kilipimwa tena kikaonekana kimekwisha.

Simzungumzii fundi wa jua kali aliye chini ya mti. Huyo ana mazuri yake na mabaya yake, na siku yake itafika. Nazungumzia gereji zenye vioo, za kampuni zinazouza magari na kuyahudumia, ambako unakaribishwa kwenye kochi, unapewa chai na intaneti ya bure, na kila saa ya kazi unailipia zaidi kuliko kwingine. Watu hawafuati chai huko. Wanafuata uhakika.

Jirani yangu mmoja, mwalimu, aliufuata uhakika huo. Gari lake lilianza kutetemeka kila liliposimama kwenye foleni, injini ikawa inamisi. Akalipeleka kwa waliomuuzia. Mashine ikasoma kodi, P0301, maana yake silinda ya kwanza haichomi sawasawa. Wakabadilisha plagi zote 4, taa ikazimika, akalipa. Siku chache baadaye taa ikawaka, kodi ileile. Akaambiwa sasa ni koili. Akalipa koili. Taa ikawaka tena. Akaambiwa huenda ni injekta, na bei ya injekta ikatajwa. Hapo ndipo mwalimu alipouliza swali ambalo angepaswa kujibiwa tangu siku ya kwanza: "Mmepimaje?" Pale mapokezi hakuna aliyekuwa na jibu. Akauliza koili ya zamani iko wapi. Imetupwa.

Sasa tuingie kwenye boneti kidogo, kwa sababu jambo lenyewe si gumu. Kodi ya kompyuta inaeleza tatizo limeonekana wapi. Haielezi kwa nini. Silinda ya kwanza inaweza kumisi kwa sababu ya plagi, koili, injekta, waya uliokatika, hewa inayovuja, au vali isiyofunga vizuri. Fundi makini hachagui kifaa kwa kubahatisha. Anachomoa koili ya silinda ya kwanza, anaipeleka ya tatu, na ile ya tatu anaileta ya kwanza. Anafuta kodi, anawasha injini, anaiacha ingurume mpaka imisi. Kodi ikirudi ikiwa P0303, ugonjwa umehama pamoja na koili, kwa hiyo koili ndiyo mbovu. Ikirudi P0301 ileile, koili ni nzima, aendelee na plagi, kisha injekta. Hapo hajanunua hata skrubu moja. Ametumia muda tu.

Mambo ni yaleyale kwa gari linalochemsha. Unatoka Mombasa, unaanza kupanda kuelekea Mazeras, mshale wa joto unapanda nawe. Gereji inabadilisha rejeta. Safari inayofuata linachemsha tena. Huenda rejeta ilikuwa mbovu kweli, lakini huenda pia themostati imekwama, feni haiwaki, au gasketi ya silinda hedi imeungua na inapitisha gesi ya injini kwenye maji ya kupozea. Hilo la gasketi lina kipimo chake: dawa ya rangi ya buluu huwekwa kwenye kichupa juu ya mdomo wa rejeta, injini inawashwa, na dawa ikigeuka kuwa ya njano, basi gesi inapenya. Hata betri inayokufa kila asubuhi ina kipimo. Injini ikiwa imezimwa, betri iliyojaa husoma karibu volti 12.6. Injini ikinguruma, isome kati ya 13.5 na 14.5. Isipopanda, alteneta haichaji, na ukinunua betri mpya unanunua siku chache tu.

Halafu kuna ule mchezo wa kuzima taa. Kufuta kodi kwa mashine ni kazi ya sekunde, na taa ya injini huzimika papo hapo. Lakini kompyuta ya gari ikishafutwa huanza upya kujikagua, na baadhi ya ukaguzi huo hukamilika tu baada ya gari kuendeshwa kwa muda, likiwa baridi, likiwa moto, mjini na barabara kuu. Ndiyo maana unatoka getini dashibodi ikiwa safi kabisa, na unapokaribia njia panda ya Kyumvi taa imerudi. Taa iliyozimwa bila chanzo kutafutwa haijakupa chochote ila safari ya kurudi gereji.

Utauliza: kama vipimo ni rahisi hivi, mbona gereji kubwa hazivifanyi? Mafundi wanavijua, tena vizuri. Kinachowaponza ni mpango wa kazi. Wewe unaeleza shida yako mapokezi: gari linazima baada ya nusu saa, AC ikiwa imewashwa, ukiwa kwenye foleni ya Mombasa Road. Mpokezi anaandika: "Taa ya injini." Maneno matatu hayo ndiyo yanayomfikia fundi. Fundi analiwasha gari likiwa limepoa, anazunguka nalo uani, halizimi. Tena katika gereji nyingi za aina hii kila kazi imepangiwa muda wake. Kubadilisha koili kuna muda uliowekwa na bei inayojulikana. Kutafuta chanzo hakuna muda uliowekwa, na mteja mwenyewe hunung'unika akitozwa pesa za kupima tu. Basi kifaa kinabadilishwa, kwa sababu kifaa kina bei na kupima hakuna mlipaji.

Hapo na sisi wenye magari tuna la kujirekebisha. Tunalipa kwa moyo mweupe tukionyeshwa spea mpya kwenye boksi, lakini tukitozwa saa moja ya upimaji tunaona tumeibiwa. Saa hiyo ndiyo yenye thamani kuliko zote. Na haki itendeke pande zote: magari yetu mengi ni mitumba kutoka Japani, na yapo ambayo kweli huharibika kitu kingine wiki hiyohiyo. Pia kuna mteja anayeambiwa abadilishe vitu viwili akakubali kimoja, anayeleta spea yake mwenyewe ya bei rahisi, au anayeendelea kukimbiza gari linalochemsha hadi Mtito Andei. Huyo asiilaumu gereji.

Lakini kwa aliyefuata maelekezo na kulipa bili yote, sheria iko upande wake zaidi ya anavyodhani. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 46, inampa kila mtumiaji haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaostahili, na haki ya fidia akipata hasara kutokana na kasoro zake. Na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 ina sehemu nzima kuhusu matengenezo ya magari. Gereji inatakiwa kukupa makadirio ya gharama kabla ya kazi, na bili ya mwisho isiyapite makadirio hayo kwa zaidi ya asilimia 10. Inatakiwa ijitolee kukurudishia vifaa vilivyotolewa kwenye gari. Na vifaa vipya au vilivyofufuliwa, pamoja na kazi ya kuvifunga, vina dhamana ya angalau siku 90 au kilomita 5,000, lolote litakalotangulia. Dhamana hiyo ipo hata kama risiti haikuitaja. Angalia lakini: imetajwa kwa vifaa vipya na vilivyofufuliwa. Ukikubali spea kuukuu iliyotolewa kwenye gari jingine, dai dhamana yake kwa maandishi kabla haijafungwa.

Wenzetu wa Afrika Kusini wamekwenda mbele zaidi. Kwa sheria yao ya mwaka 2008, bidhaa iliyorudishwa kwa muuzaji ndani ya miezi 6 ikatengenezwa, kisha kasoro ikaonekana tena ndani ya miezi 3, muuzaji hapewi nafasi nyingine ya kujaribu. Ama abadilishe bidhaa, ama arudishe pesa. Huko Marekani, jimbo la Connecticut lilipitisha mwaka 1982 sheria ya kumlinda mnunuzi wa gari jipya linalorudi gereji kwa kasoro ileile, na majimbo mengine yakafuata.

Basi ufanye nini, msikilizaji? Kwanza, andika dalili mwenyewe: linaharibika lini, likiwa moto au baridi, mwendo gani, umewasha nini. Ibandike karatasi hiyo kwenye karatasi yao ya kazi, na uombe kuzungumza na fundi mwenyewe, ikiwezekana mtoke naye barabarani mpaka gari lionyeshe ubaya wake. Pili, kodi isifutwe kabla hujaipiga picha. Tatu, kwenye bili usitosheke na "koili moja imebadilishwa." Dai iandikwe koili ilibadilishwa kwa sababu gani na ilipimwa vipi. Nne, ondoka na kifaa cha zamani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na gari ni mali inayopotea kwa vipande.

Shida ikirudi, usikubali karatasi mpya ya kazi isiyotaja namba ya ile ya kwanza. Omba kumwona msimamizi wa mafundi, si mpokezi. Zungumza kwa heshima, kisha andika barua au baruapepe kwa meneja siku hiyohiyo, ukieleza tarehe, kilomita na kiasi ulicholipa. Wakigoma kukutolea gari mpaka ulipe bili ya pili, fahamu kwamba gereji inaweza kulizuia gari kwa deni la kazi. Unaweza kulipa ili ulitoe, lakini andika juu ya bili kwamba unalipa huku ukipinga. Kosa kubwa ni kulisusa gari uani kwa hasira. Ada za kuliweka huongezeka, na ipo sheria inayomruhusu fundi, akishafuata taratibu zake, kuuza mali ambayo mwenyewe hakuja kuichukua.

Barua isipojibiwa, iko Mahakama ya Madai Madogo. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, unaweza kujieleza bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu ifunguliwe. Huko si mahali pa kueleza ulivyoumia. Hakimu atataka karatasi: makadirio, bili ya kwanza, bili ya pili, picha za kodi, barua zako. Mwenye karatasi hizo mara nyingi hata mahakamani hafiki, kwa sababu meneja akiziona anatafuta maelewano.

Kwa wenye gereji nina ombi moja, na halihitaji mashine mpya wala jengo jipya. Kwenye kila bili ongezeni mstari mmoja wa chanzo, na mwingine wa kipimo kilichothibitisha. Fundi wenu atajua atakayoulizwa, mpokezi atakuwa na la kujibu, na gari likirudi mtaanzia pale mlipoishia. Gereji isiyoweza kuijaza mistari hiyo miwili haijatengeneza gari, na haijastahili kulipwa kama iliyotengeneza.