Maneno ya kumkumbuka Munganga Matthew Lukwiya



Katika Yubile hii tumekwisha kuwataja marehemu wengi wa paroisi. Twaomba ruhusa kumtaja mmoja asiye wa paroisi yetu, wala wa inchi yetu, wala wa Kanisa Katolika, maana alikuwa Mprotestanti. Wamoja kati yetu walinung'unika kwa ajili hiyo. Wasikilize kwanza.

Matthew Lukwiya alizaliwa mwaka 1957 upande wa Kitgum, kaskazini ya Uganda, akasomea uganga katika Universite ya Makerere. Mwaka 1983 aliingia lopitali ya Lacor, karibu na Gulu, iliyoanzishwa na wamisionari Wakomboni, ambapo walitumika munganga Piero Corti na mkewe Lucille Teasdale. Akaenda kusoma tena Liverpool, Uingereza, akarudi kwa wagonjwa wake. Ijumaa Kuu ya mwaka 1989 waasi walifika wakitaka kuwachukua Masista. Yeye akajitoa achukuliwe badala yao, akakaa porini juma nzima.

Mwezi wa Oktoba 2000 alikuwa Kampala, akisoma tena Makerere, alipoitwa: wanafunzi wainfirmie wanakufa Lacor. Alisoma karatasi za wagonjwa, akatambua Ebola kabla maabara haijathibitisha. Ugonjwa huo sisi Wakongo twaujua, tangu Yambuku mwaka 1976. Kati ya 2018 na 2020, Kivu ya Kaskazini na Ituri, uliua watu zaidi ya 2.200. Twajua ni uchungu gani kumzika mzazi pasipo kumgusa.

Katika Novemba wainfirmie, kwa kuona wenzao wakizikwa mmoja mmoja, walitaka kuondoka. Nani kati yetu atawahukumu? Yeye hakuwalazimisha. Aliwaambia: atakaye kwenda aende, yeye atabaki. Nao wakabaki kazini. Lakini siku chache mbele ya mkutano huo aliitwa usiku kumsaidia mwinfirmie mgonjwa. Alivaa kanzu, glavu na kitambaa cha kinywa. Macho yakabaki bila kifuniko. Yaaminiwa kwamba ndipo ugonjwa ulipompata.

Alikufa tarehe 5 Desemba 2000, mwenye miaka 43, umri wa wengi wetu tunaofundisha katekisimo hapa, akiacha mke na watoto. Walimzika siku ile ile, wazikaji wamejifunika mwili mzima, ndani ya kiwanja cha lopitali, kando ya kaburi la Lucille, aliyekufa mwaka 1996 kwa Sida iliyomwingia alipokuwa akipasua wagonjwa.

Jina lake tumeliandika katika nia za Misa ya leo jioni.